Kuichoma Ibelamo Mara ya Mwisho

Lango la Ibelamo lilianza kuvunjika upande wa kushoto, na Kalunde Mihambo, aliyekuwa akiliangalia kutoka juu kama mwewe, akajua kwamba boma limekwisha. Akashusha vidole viwili juu ya meza. Huko chini ngoma ya vita ikabadili mlio. Rugaruga waliokuwa wamejilaza kifudifudi katika majani makavu wakainuka na kulikimbilia pengo, magobori mbele, vitambaa vyekundu vikiwapepea vichwani.

Walinzi waliwangoja mpaka wakawa karibu kiasi cha kuonana macho. Walipofyatua, safu nzima ya mbele ililala. Mmoja risasi ilimng'oa taya, naye akaendelea kukimbia kidogo, kana kwamba miguu ilikuwa haijapata habari, kisha akaangukia miti ya boma akaning'inia hapo. Waliomfuata walimpanda mgongoni ili wavuke. Ndani ya lango vita vikawa vya mikuki na mashoka, na kishindo chake kilisikika ukumbini kama cha watu wanaopasua kuni.

Kalunde hakuwa na nafasi ya kuwatazama wanaokufa. Mchezo huo wa mezani, Enzi za Nyika, haukuwa kama bao, kwamba nikicheza nawe ucheze. Mkono wake wa kulia ulipokuwa ukipigana, wa kushoto ulikuwa ukituma watu msituni kukata miti, wahunzi kufua vyuma, wapagazi kuleta baruti, na yote hayo yalikwenda kwa pamoja bila kumngojea mtu. Nyakati zenyewe zilikuwa zile za misafara ya pembe, Unyamwezi ilipojaa watemi wadogo na maboma ya miti. Wachezaji wengi walichagua kuwa watemi wenye ardhi. Kalunde alichagua rugaruga, askari wasio na kijiji wala shamba, ambao huishi kambini na kula walichopora. Hawakuwa na wake wala watoto wa kulindwa, na ndiyo maana walikuwa wepesi.

Boma huhesabiwa limeshindwa likisalimu amri au misonge yake yote ikiungua, kwa hiyo ilibaki kazi ya moto. Akagonga meza, na ngoma ikamwita Msabila.

Msabila alikuwa jemadari wake, mtu mrefu mwenye kovu juu ya jicho, na msimu mzima hakuwahi kuchelewa kuitika. Safari hii alisimama katikati ya lango, mwenge mkononi, huku mishale ikimpita. Mkono wake mwingine ulikuwa ukijipapasa chini ya mbavu. Kalunde akadhani amejeruhiwa. Alipomsogeza karibu hakuona jeraha lolote. Ndipo akakumbuka kwamba katika pambano lililopita mkuki ulimwingia Msabila pale pale, ukatokea mgongoni.

Akagonga tena, kwa nguvu. Msabila akaurusha mwenge juu ya paa la msonge wa kwanza, kisha akageuka akatoka bila kutazama nyuma. Nyasi zilishika moto upesi. Misonge ikaambukizana mpaka vihenge vya mtama vikaanza kupasuka, na sauti zilizotoka humo ndani zikapanda, zikachanganyika, zikapungua. Watazamaji walipiga makofi. Upande wa pili wa meza kijana mmoja mpole kutoka Kasulu, Ntakije, alivua glavu zake za kuchezea, akampa Kalunde mkono na kumwambia kwamba kwenye fainali hatamwachia lango lile.

Yalikuwa mazoezi tu. Lakini usiku ule Kalunde alipofumba macho aliuona mkono unaopapasa jeraha lisilokuwapo.

*

Binamu yake, Lugusha, alikuwa mhandisi katika kampuni iliyoutengeneza mchezo, ambayo watu wa Tabora waliiita Karakana tu. Kesho yake Kalunde alimkuta ofisini, akamweleza alichokiona. Alitegemea kuchekwa. Lugusha akainuka, akafunga mlango.

Alimweleza taratibu, kama mtu anayeshusha mzigo aliouchoka. Askari wa michezo ya zamani walikuwa wajinga. Ukiwatuma kwenye risasi walikwenda, na ukiwatuma tena kesho walikwenda vilevile. Karakana ilitaka askari wanaojifunza, ndiyo sababu ikawapa kumbukumbu isiyofutika pambano linapokwisha. Mwanzoni waliwapa kumbukumbu bila maumivu, na haikusaidia. Askari alikumbuka kwamba alikufa kama mtu anavyokumbuka kwamba jana kulinyesha. Hapo wakubwa wakaagiza maumivu yaachwe yaingie, na hofu nayo. Katika muda mfupi askari wakaanza kujikinga, kuviziana, kuokoana. Watu wakasema mchezo umekuwa na roho.

"Kinachowafanya wawe hodari ni kwamba hawataki kufa tena," Lugusha alisema.

Kalunde akamuuliza kama wanaumia kweli au wanaigiza. Lugusha akajibu kwamba amelitazama swali hilo mpaka macho yakamuuma. Kila kitu ambacho angekitafuta ndani ya mtu anayeumia, amekikuta ndani yao. Alikwisha kuwapelekea wakubwa ripoti, wakamwambia alete ushahidi ambao mahakama itauelewa, na hakuna sheria inayomjua mtu wa namna ile.

Kisha akamwambia habari ya fainali. Jeshi litakaloshinda litanakiliwa na kuuzwa nchi nzima, kila nyumba itakayotaka iwe na nakala yake. Jeshi litakaloshindwa litafutwa pale pale, na kijiji chake chote, asibaki hata mmoja, ili lile linalouzwa liwe la pekee.

Kalunde akalipima jambo hilo. Kisha akasema, "Kaka Lugusha, Ntakije ana watoto."

Lugusha alijua. Ntakije alikuwa ameijaza Ibelamo watoto kwa sababu mchezo uliwapa wakulima bidii zaidi wakiwa nao. Akishinda Ntakije, watoto wale wataamka katika kila nyumba, na katika kila nyumba atakuwapo mtu anayejua kwamba njia fupi ya kulivunja boma ni moto.

Kalunde alikwenda kwa mwenyekiti wa mashindano. Mwenyekiti alimsikiliza kwa adabu, akamwagizia soda, akamwambia kwamba mabingwa wote hupatwa na mambo kama hayo fainali ikikaribia, apumzike. Akasema pia kwamba akijitoa ushindi utakwenda kwa Ntakije.

*

Lugusha alimfungulia mlango ambao wachezaji hawakuwa nao. Kwa kawaida mchezaji aliwaamuru askari kwa ngoma tu. Sasa sauti ya Kalunde ingetoka kinywani mwa mpiga ngoma wa kambi.

Msabila alikuwa akipaka bunduki yake mafuta. Mpiga ngoma alipofumbua kinywa na kumwita kwa sauti ya mwanamke, hakushtuka. Alisema amekuwa akiingoja siku ambayo ngoma itapata mdomo.

Kalunde akamuuliza anakumbuka nini, naye akamwambia. Alieleza mkuki wa mbavuni na mkuki wa kooni, na siku aliyoangukiwa na boriti linalowaka akabaki chini yake, hai, mpaka jioni. Alisema maumivu yenyewe huisha. Kisichoisha ni ile hali ya kujua kwamba unakwenda. Akiamka kambini hukuta mwili ni mzima, na hapo ndipo hofu huanza, kwa sababu mwili mzima ni mwili unaosubiri zamu yake.

"Na watu wa Ibelamo?" Kalunde aliuliza.

Msabila aliiweka bunduki chini. "Nao wanakumbuka. Zamani watoto wakiniona walikimbia. Siku hizi hawakimbii, Mtemi. Wakiniona na mwenge, wanakaa chini."

Kalunde alikuwa amekuja kumwuliza Msabila anataka nini, kwani alidhani kila jambo lingekuwa jepesi kama angeambiwa. Akamweleza kanuni ya fainali bila kuficha. Msabila alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kisha akayarudia mwenyewe, moja baada ya jingine, ili ahakikishe ameelewa.

"Nikiwachoma mara hii, hawataamka tena."

"Hawataamka."

"Na nisipowachoma, wataamka mahali pengi, na kila mahali atakuja mtu kama mimi."

"Ndiyo."

"Na sisi tukishinda?"

"Mtaamka ninyi. Katika kila nyumba. Mtapigana na nakala zenu wenyewe."

Msabila akawatazama wenzake waliokuwa wakiota moto pembeni, wakicheka kwa jambo fulani. Alisema wengi wao wangependa kuamka, hata kwa gharama ya kufa tena, maana mtu huzoea kuliona jua. Yeye hawezi kuwasemea. Kalunde akamsihi aseme basi la kwake yeye. Angependa kulala, au angependa kuamka? Apigiwe ngoma ya moto au asipigiwe?

Msabila akanyanyua uso. Sauti yake haikuwa ya hasira.

"Ngoma iko mkononi mwako, Mtemi. Ukitaka kuipiga, ipige. Lakini usiniulize mimi ili wewe upate usingizi."

*

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Kalunde alikuwa ameamua kushinda bila moto. Ibelamo ikisalimu amri, watoto watafutwa usingizini bila kuchomwa, na hakuna atakayelazimika kukaa chini mbele ya mwenge. Alikwenda na tumaini hilo moja.

Ntakije hakumpa nafasi. Alikuwa amechimba handaki mbele ya lango, akasimika humo vijiti vilivyochongwa, akavifunika kwa nyasi. Wimbi la kwanza la rugaruga liliingia humo mbio. Waliochomwa na vijiti walipiga kelele chini huku wenzao wakiwaangukia juu, mpaka handaki likajaa na wa nyuma wakavuka kwa kuwakanyaga walio hai na wafu pamoja. Juu ya ukuta wanawake wa Ibelamo waliwamwagia uji unaochemka. Kalunde aliona mtu akijivua ngozi ya uso kwa viganja vyake mwenyewe, akijaribu kuufuta uji.

Akawazungusha wengine upande wa mto. Huko nako Ntakije alikuwa ameficha wapiga mishale, na mto ukabadilika rangi. Akaleta baruti, akalilipua lango, na Msabila akaingia na kikosi chake mpaka kwenye uwanja wa ndani. Walipigana hapo mwili kwa mwili. Msabila alikatwa sikio. Alimpasua mtu mmoja kifua kwa shoka, likakwama, akaliacha, akachukua rungu la aliyeanguka. Kila alipomwua mmoja alipepesa macho, kama anayekumbuka kwamba mtu huyo naye atalikumbuka pigo hili. Hata hivyo hakusimama.

Lakini walikuwa wakipungua. Mkono wa kushoto wa Kalunde ulitafuta watu wa kuongeza, haukuwapata. Kwenye ukingo wa meza akaona vumbi: msaada wa Ntakije ulikuwa ukija kutoka mashambani, vijana wengi wenye mikuki mipya. Wakifika, kikosi cha Msabila kitamezwa na Ntakije atashinda.

Upepo ulikuwa ukivuma kuelekea misonge. Ukumbini watu walianza kuimba neno moja, moto, moto, wakipiga miguu chini.

Kalunde alifikiri juu ya mambo mawili, akajua kwamba hakuna la tatu. Akiuzuia mkono, atakuwa hakuwachoma yeye, na watachomwa na watu wengine kila siku, nchi nzima, na yeye atajiita msafi. Akiushusha, atawachoma yeye kwa kujua, macho wazi, na kumwamsha Msabila katika kila nyumba. Alitamani mtu amwamulie. Hakuna aliyekuwapo.

Akashusha mkono.

Ngoma ilipolia Msabila alikuwa amempiga mtu goti kifuani. Aliisikia. Alimwacha yule mtu, akainuka, akaokota mwenge uliokuwa ukifuka karibu na lango. Kisha akatazama juu, mahali ambapo kwake palikuwa mbingu.

Wachezaji wote hutazama kutoka juu, kwa sababu huko ndiko vita huonekana. Kalunde akayashusha macho yake mpaka chini kabisa, usawa wa kifua cha mtu, akamfuata Msabila nyuma. Huko chini hukuweza kuona nani anashinda. Kulikuwa na moshi, na miguu, na mtu aliyekuwa akijikusanya matumbo yake kwa mikono miwili na kumwita dada yake.

Msonge wa watoto ulikuwa wa mwisho, nyuma ya vihenge. Msabila akainama akaingia. Watoto walimwona, wakauona mwenge, wakakaa chini. Walikaa kwa utaratibu, wakubwa nyuma na wadogo mbele, kama waliofundishwa.

Aliwaambia neno. Kwa kishindo cha vita vya nje Kalunde hakulisikia. Kisha Msabila akauchomeka mwenge ndani ya nyasi za paa, akauacha hapo. Hakutoka. Akarudi katikati yao, akainama kutafuta pa kukaa. Msichana mmoja akasogea kumpisha.

Kalunde hakuondoa macho. Nyasi zilidondoka kwanza kama cheche, baadaye kwa mafungu. Watoto wadogo walianza kulia, na Msabila akawakusanya wale aliowafikia, akawafunika vichwa kwa kitambaa chake chekundu. Nywele zao zilishika. Kelele ilipofika mahali ambapo haikuwa tena ya watu, boriti la kati lilianguka, na meza ikaandika jina la mshindi.

*

Watu walimbeba Kalunde mabegani. Walipomshusha, Ntakije alikuwa amesimama mbele yake, glavu zikiwa bado mikononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotelewa.

"Niliwaamuru wakimbie," Ntakije alisema. "Niligonga mara nyingi. Hawakukimbia."

Kalunde akamshika mkono, akamtoa nje ya ukumbi, akamwambia yote. Ntakije alisikiliza akiwa amechuchumaa kando ya ukuta. Hakumlaumu. Aliuliza tu kama ni kweli hawako tena mahali popote. Lugusha, aliyekuwa amewafuata, akamwonyesha kwenye simu yake mahali ilipokuwa Ibelamo. Palikuwa na uwanda mtupu na mto uliorudia rangi yake. Ntakije akatazama kwa muda mrefu, akasema asante, akaenda zake, na tangu siku hiyo hakucheza tena.

Msimu wa mvua ulipoanza mchezo ukaingia madukani. Lugusha alimletea Kalunde nakala nyumbani kwa mama yake, katika mtaa wa Cheyo. Kabla hajaiweka mezani alimwambia jambo ambalo Karakana haikulijua. Siku ya kunakili walimpa yeye kazi ya kufunga mlango ule wa sauti. Hakuufunga. Katika kila nakala mpiga ngoma alikuwa na mdomo, kwa yeyote atakayethubutu kusema.

Msabila aliamka kambini. Akajipapasa mwili mzima, sikio, mikono, nywele, akakuta vyote viko. Akamtazama mpiga ngoma.

"Wamelala?"

"Wamelala," Kalunde akajibu.

"Wote?"

"Wote."

Msabila akaitikia kwa kichwa. Alikaa kando ya moto na wenzake, akanyoosha miguu. Bunduki hakuigusa, na Kalunde akaitoa mikono yake mezani. Alikuwa amejiandaa kumwomba radhi. Alipomwona vile amekaa aliona radhi ingekuwa mzigo mwingine wa kumbebesha, akaiacha.

Ngoma ya vita ikaanza kulia. Haikutoka mezani pake. Ilitoka nyumba ya jirani, ambako watoto wa mtaa walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi kuungoja mchezo mpya.

Kalunde akasimama, akavaa kandambili, akauzunguka ua na kubisha hodi. Mama mwenye nyumba alimkaribisha kwa bashasha. Alidhani bingwa amekuja kuwafundisha watoto kushinda, akamletea kiti akakiweka mbele kabisa. Watoto wakampisha. Mezani kwao rugaruga walikuwa wamejipanga, na mbele yao mtu mrefu mwenye kovu juu ya jicho alikuwa akijipapasa chini ya mbavu. Mtoto aliyekuwa na zamu alikwisha kuinua vidole.

Kalunde akavishika taratibu kabla havijashuka.

"Huyu anaitwa Msabila," alisema. "Kabla hujamtuma popote, msalimie kwanza. Anasikia."